Barua ya tarehe 18 Juni: Ituri ilivyohesabiwa eneo lililokaliwa, na Kisangani ikaachwa nje

Kwa nini kisa hiki

Nikifundisha sheria ya maeneo yanayokaliwa kijeshi, mkono wa kwanza kunyooshwa darasani huulizia Palestina na wa pili huulizia Crimea. Sawa, ndiko macho ya watu yaliko. Ila kuna kisa cha hapa jirani, ambacho askari waliokalia na raia waliokaliwa walikuwa wakielewana kwa Kiswahili, na ambacho Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague imekitolea hukumu mara mbili, 2005 na 2022. Ni kisa cha Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo, tangu Agosti 1998 hadi Juni 2003. Kongo ndiye mlalamikaji, Uganda mlalamikiwa.

Nakipenda kwa sababu kinajibu swali ambalo wengi hulipita haraka: jeshi la nchi nyingine likiwa ndani ya mipaka yako, je, tayari unakaliwa? Jibu la Mahakama lilikuwa hapana, si lazima. Sehemu moja ya nchi ilihesabiwa kuwa imekaliwa, nyingine ikaachwa, ingawa askari walikuwa wale wale na vita vile vile. Kilichozitenganisha, kwa kiasi kikubwa, ni karatasi.

Nchi na mahakama siwezi kuzificha, kesi iko wazi kwa yeyote. Majina ya watu nimeyaondoa. Kamanda wa majeshi ya Uganda huko Kongo namwita jenerali, na mama aliyemteua namwita gavana. Waathirika hawatajwi kabisa. Majaji nimewataja, kwa kuwa maoni yao wameyatia saini wenyewe.

Hali ilivyokuwa

Laurent-Désiré Kabila alipoingia Kinshasa Mei 1997, Uganda na Rwanda ndizo zilizokuwa zimembeba. Jeshi la Uganda likaruhusiwa kubaki upande wa mashariki kuwasaka waasi wake waliojificha kwenye milima ya mpakani, na tarehe 27 Aprili 1998 nchi hizo mbili zikatia saini itifaki ya usalama wa mpaka. Hadi hapo hakuna ukaliaji. Jeshi lililoingia kwa ridhaa ya mwenye nchi ni mgeni, hata kama ni mgeni mwenye bunduki.

Urafiki ulivunjika katikati ya mwaka huo huo. Agosti 1998 vita vikaanza upya, safari hii dhidi ya Kabila. Mahakama ilikuja kuona kwamba ridhaa ya Kongo, kwa vyovyote vile, ilikuwa imeondolewa kufikia tarehe 8 Agosti 1998. Baada ya tarehe hiyo mgeni hakuwa mgeni tena, naye badala ya kurudi nyumbani akasonga mbele. Katika miezi iliyofuata jeshi la Uganda lilikuwa Beni, Bunia, Isiro, Buta, uwanja wa ndege wa Kisangani, na baadaye hadi Gbadolite, mbali kabisa na mpaka lililosema linaulinda.

Ituri wakati huo haikuwa mkoa. Ilikuwa wilaya ndani ya Mkoa wa Mashariki, ambao makao yake makuu yalikuwa Kisangani. Mji wake mkuu ni Bunia, ng'ambo ya Ziwa Albert ukitokea Uganda. Ina dhahabu, mbao, kahawa, na malisho mazuri ya ng'ombe. Ina pia mgogoro wa ardhi kati ya Wahema na Walendu uliokuwapo tangu zamani, ambao mwaka 1999 uligeuka kuwa vita vya kuchinjana.

Sheria inasemaje

Msingi ni ibara ya 42 ya Kanuni za The Hague za 1907. Inasema kwamba eneo huhesabiwa kuwa limekaliwa pale linapokuwa, kwa hali halisi, chini ya mamlaka ya jeshi la adui, na kwamba ukaliaji hufika tu pale ambapo mamlaka hayo yamewekwa na yanaweza kutekelezwa. Ibara ya 43 inaongeza wajibu: mkaliaji arudishe na kulinda amani na usalama wa watu kwa kadiri awezavyo, huku akiheshimu sheria alizozikuta, isipokuwa pale inaposhindikana kabisa. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 ukaja kuwalinda raia kwa undani zaidi, ukarudia katazo la uporaji.

Mambo mawili watu huyachanganya. La kwanza, mkaliaji hawi mwenye nchi. Bunia ilibaki Kongo siku zote, hata siku ambazo hapakuwa na afisa mmoja wa Kinshasa mjini. La pili, sheria hii haiulizi kama uliingia kwa haki au kwa dhuluma. Hilo ni swali la sheria nyingine, ile ya kutumia nguvu. Hapa unaulizwa tu: nani ana amri hapa? Ukijibu ni wewe, basi na mzigo ni wako.

Ndiyo maana nchi hukwepa neno hili. Askari wake wataitwa walinzi, washauri, au wasimamizi wa amani. Kukubali kwamba unakalia ni kukubali kulipia.

Yaliyotokea, kwa mpangilio

Juni 1999 jenerali alichukua wilaya ya Ituri, akaiunganisha na eneo la jirani, akaitangaza kuwa mkoa mpya wa Kibali-Ituri. Kisha akamteua gavana.

Tuitazame barua yenyewe, kwa kuwa ndiyo kiini cha kisa. Ina tarehe 18 Juni 1999. Aliyeiandika ni afisa wa jeshi la nchi moja, na anayeandikiwa ni raia wa nchi nyingine. Ndani yake jenerali anamteua mama huyo kuwa gavana wa muda, halafu anampa mapendekezo kuhusu uendeshaji wa mkoa. Neno "muda" limewekwa kama kanzu ya heshima. Mapendekezo nayo ni mapendekezo ya mtu ambaye askari wake ndio wanaolinda mlango wa ofisi unayokwenda kuikalia. Ukiwa na uzoefu kidogo wa ofisi za serikali zetu unaijua barua ya namna hii: aliye juu "anapendekeza", na aliye chini anaelewa.

Siku tano baadaye, tarehe 23 Juni 1999, Kongo ikafungua kesi The Hague. Sidhani kama wanasheria wa Kinshasa walikuwa na habari ya barua hiyo walipokuwa wakiandaa madai. Iliingia kwenye jalada baadaye.

Mwezi uliofuata, Julai 1999, Mkataba wa Lusaka ukatiwa saini, ukiwa na ratiba ya majeshi ya kigeni kuondoka. Ratiba ikasogezwa, ikasogezwa tena. Kisangani nako, majeshi ya Uganda na Rwanda, washirika wa jana, yakageukiana: Agosti 1999, Mei 2000, na kwa ukali zaidi Juni 2000, ambapo mji ulipigwa mizinga kwa siku sita mfululizo na raia wakiwa ndani. Tarehe 16 Juni 2000 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1304, likizitaka nchi hizo mbili ziondoke. Julai 1 Mahakama ikatoa amri ya muda kwamba pande zote mbili zijizuie na zilinde haki za raia.

Ituri yenyewe ikaendelea kuwaka. Vikundi vya wenyeji vilipata mafunzo na silaha, vikabadilisha washirika kila msimu, na makamanda wa Uganda wakawa wanampandisha huyu na kumshusha yule. Septemba 2002 Uganda na Kongo zikatia saini mkataba wa Luanda. Machi 2003 jeshi la Uganda likapigana ndani ya Bunia na kundi ambalo awali lililisaidia kushika mji. Kisha likaondoka. Mahakama imeweka tarehe 2 Juni 2003 kuwa mwisho. Mapigano yaliyojaza pengo hilo yalikuwa makali kiasi kwamba Umoja wa Ulaya ulituma kikosi Bunia mwezi huo huo wa Juni, kwa idhini ya azimio namba 1484.

Maamuzi na sababu zake

Kwa nini jenerali aliunda mkoa? Upande wa Uganda ulieleza kwamba lengo lilikuwa kutuliza ugomvi wa Wahema na Walendu kwa kuwapa utawala wa karibu. Inawezekana kabisa kwamba yeye mwenyewe aliliamini hilo. Mwanajeshi akikuta ombwe hulijaza, ndivyo alivyofundishwa. Tatizo ni kwamba ugomvi wenyewe ulikuwa wa ardhi, na gavana aliyechaguliwa alitoka upande mmoja wa ugomvi huo. Ukimpa mmoja wa wagombanao muhuri wa serikali, umekwishaamua kesi yao.

Uamuzi wa pili ni wa Kampala, nao haukupata sifa unazostahili. Mei 2001 Uganda iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji David Porter kuchunguza tuhuma za uporaji wa mali za Kongo. Shinikizo la Umoja wa Mataifa lilikuwepo, ni kweli. Hata hivyo tume ilifanya kazi: iliwahoji maafisa chini ya kiapo, ikakusanya nyaraka, na ripoti yake ya mwisho ya Novemba 2002 haikuwasafisha wakubwa. The Hague, ripoti hiyo ikawa miongoni mwa ushahidi uliopewa uzito mkubwa dhidi ya Uganda. Mahakama ilikuwa na tahadhari na ripoti nyingi zilizoletwa, hasa zilizoandaliwa kwa ajili ya kesi au zenye habari za mkono wa pili. Lakini kauli inayokubali jambo lisilompendeza msemaji mwenyewe, tena iliyopatikana kwa kumhoji mhusika uso kwa uso, jaji gani ataikataa?

Na kuna uamuzi wa tatu, ule wa kubaki kizimbani. Uganda ilikuwa imekubali mamlaka ya Mahakama kwa tamko la tarehe 3 Oktoba 1963, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Haikuliondoa. Rwanda haikuwa na tamko kama hilo, na kesi ya Kongo dhidi yake ilikufa Februari 2006 kwa Mahakama kusema haina mamlaka ya kuisikiliza. Kwa hiyo mji ulipigwa mizinga na majeshi mawili, na aliyehukumiwa ni mmoja.

Upande wa Kongo, uamuzi mkubwa wa mawakili ulikuwa kudai kupita kiasi. Walileta ramani ya mchoro inayoonyesha eneo kubwa mno la nchi kuwa limekaliwa na Uganda: unaunganisha miji ambayo askari wa Uganda walionekana, unapata mstari, na kila kilicho nyuma ya mstari kimekaliwa. Uganda ikajibu kwamba hata kwa idadi yake ya juu kabisa jeshi lake lisingeweza kutawala eneo la ukubwa huo, na kwamba huko mashinani waliotawala walikuwa waasi wa Kikongo.

Hukumu ya 2005

Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama iliikataa ramani. Mipaka ya eneo lililokaliwa, ilisema, haiwezi kupatikana kwa kuchora mstari unaounganisha sehemu walipokuwa askari. Lazima ithibitike kwamba jeshi halikuwa limepiga kambi tu bali liliweka mamlaka yake mahali pa mamlaka ya serikali ya Kongo. Kama liliunda utawala wa kijeshi wenye ofisi na mafaili au halikuunda, hilo si hoja.

Kwa kipimo hicho, barua ya tarehe 18 Juni ikawa dhahabu. Afisa anayeunda mkoa na kuteua gavana ameshika mamlaka, hakuna tafsiri nyingine. Waangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa nao walikuwa wameripoti mapema mwaka 2001 kwamba jeshi la Uganda ndilo lililodhibiti Bunia. Utetezi kwamba jenerali alikiuka amri za wakubwa wake na akaadhibiwa haukusaidia. Mahakama ilisema, awe alikiuka au hakukiuka, kitendo chake ni ushahidi wa wazi kwamba Uganda iliweka na kutumia mamlaka Ituri kama mkaliaji. Nchi huwajibika kwa vitendo vyote vya askari wake, watiifu na wakaidi.

Kisangani hakukupatikana barua. Mahakama ikasema ushahidi hautoshi kuonyesha kwamba maeneo ya nje ya Ituri, yaliyokuwa yakiendeshwa na makundi ya waasi wa Kikongo, yalikuwa chini ya mamlaka ya Uganda yenyewe. Uganda iliwafundisha na kuwapa silaha waasi wa MLC, mojawapo ya makundi hayo, na kwa hilo ikapatikana na hatia ya kuingilia mambo ya nchi nyingine, lakini waasi hao hawakuwa mkono wake.

Tofauti yake kisheria ni kubwa. Nje ya Ituri, Uganda iliwajibika kwa yale ambayo askari wake wenyewe waliyafanya: mauaji, mateso, uporaji, mizinga ya Kisangani. Ndani ya Ituri iliwajibika kwa hayo yote, na juu yake kwa kutokuwa macho: kwa kutozuia unyama na uporaji uliofanywa na watu wengine, pamoja na vikundi vya waasi vilivyofanya kwa ajili yao wenyewe. Kijana wa kundi la mgambo akipora duka Bunia, mkaliaji anaulizwa alikuwa wapi. Akipora duka kama hilo Gemena, mji ulio nje ya Ituri, swali hilo halimfikii.

Jambo moja limewashangaza wanafunzi wangu kila mwaka. Kongo ilitaka uporaji wa dhahabu na almasi utangazwe pia kuwa uvunjaji wa kanuni ya enzi ya kudumu ya taifa juu ya maliasili yake. Mahakama ikasema kanuni hiyo ni muhimu, lakini haikuwekwa kwa ajili ya uporaji wa askari wa jeshi linaloingia nchi nyingine. Hilo tayari lina katazo lake la zamani katika sheria ya vita. Mali inaweza kuwa ya taifa zima, na wizi ukabaki wizi wa kawaida.

Kura ilikuwa 16 kwa 1 katika hoja kuu. Aliyepinga alikuwa Jaji James Kateka, Mtanzania, aliyeteuliwa na Uganda kukaa kwa kesi hiyo. Kongo nayo haikutoka safi: ilipatikana na kosa la kutolinda ubalozi wa Uganda na watu wake mjini Kinshasa.

Miaka 16 ya kuhesabu

Hukumu iliziachia nchi hizo zikubaliane fidia. Hazikukubaliana. Mwaka 2015 Kongo ilirudi mahakamani, na tarehe 9 Februari 2022 ndipo hesabu ikafungwa.

Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Ndani yake kulikuwa na zaidi ya bilioni 5 kwa ajili ya hasara ya uchumi wa nchi kwa ujumla, na madai ya raia 180,000 waliokufa. Mahakama ilitoa dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara kwa watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili. Zilipwe kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka kuanzia Septemba 2022, na kila awamu itakayochelewa itozwe riba ya asilimia 6. Uganda ililipa awamu ya kwanza.

Hapa ndipo hadhi ya ukaliaji ilipozaa matunda, miaka 16 baadaye. Kwa kawaida anayedai ndiye anayethibitisha. Kwa Ituri, Mahakama iligeuza mzigo: kwa kuwa Uganda ndiyo iliyokuwa mkaliaji, ni juu yake kuonyesha kwamba dhara fulani halikutokana na uzembe wake. Isipoonyesha, inabeba. Kwa Kisangani na kwingineko mzigo ulibaki kwa Kongo. Ndugu wawili wa baba mmoja waliopoteza jamaa katika vita vile vile, mmoja akiwa Bunia na mwenzake Kisangani, walikuwa na kesi mbili zenye uzito tofauti kabisa.

Hata hivyo mzigo ukigeuzwa, lazima kwanza kuwe na dhara lililoonyeshwa. Kongo ilileta fomu za utambulisho wa waathirika, nyingi zikiwa zimejazwa miaka mingi baada ya vita. Fikiria unaishika mojawapo: jina la marehemu, kijiji, kilichotokea, kiasi kinachodaiwa, sahihi au alama ya kidole. Mahali pa kiambatisho hapana kitu, hakuna cheti cha kifo wala hati ya nyumba. Aliyezikwa porini usiku, nani angemwandikia cheti, na kwa muhuri wa ofisi ipi? Mahakama ililitambua hilo, ikasema haiwezi kudai nyaraka kana kwamba ni wakati wa amani, lakini pia haiwezi kukubali fomu tupu. Ikaishia kwenye makadirio: vifo kati ya 10,000 na 15,000 vinavyoihusu Uganda, na fungu moja la jumla badala ya malipo ya mtu mmoja mmoja. Dai la uchumi wa taifa lilianguka, na la uharibifu wa misitu likaanguka kwa kukosa ushahidi.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Ramani ilikuwa kosa. Nasema hivyo nikijua kuwa ni rahisi kuwa mjanja baada ya hukumu. Wakili anayedai eneo kubwa mno la nchi limekaliwa anamlazimisha jaji kutafuta mahali pa kukata, na jaji hukata pale karatasi zinapoishia. Kama nguvu iliyotumika kutetea mstari ule ingetumika kukusanya vielelezo vya mji mmoja mmoja (nani alitoza kodi Buta, nani aliamua nani apande ndege Kisangani, nani alimfunga nani Beni), huenda Ituri isingebaki peke yake.

Kipimo chenyewe cha Mahakama nacho kina kasoro. Jaji Pieter Kooijmans, aliyekubaliana na hukumu kwa sehemu kubwa, aliandika maoni yake tofauti kwamba kipimo hicho ni finyu mno: yatosha kwamba jeshi vamizi limeiondoa serikali iliyokuwepo na lina uwezo wa kuweka amri yake badala yake, liwe limeitumia au limewaachia wengine waitumie. Mimi niko upande wake. Ukisoma tena ibara ya 42, maneno ni "yanaweza kutekelezwa". Kipimo cha 2005 kinamtuza mkaliaji mjanja. Jenerali aliyeandika barua kwa jina lake aliipeleka nchi yake kizimbani, ilhali mwenzake anayetawala kwa kumnong'oneza kiongozi wa waasi anapona.

Mahakama yenyewe imesogea tangu hapo. Katika ushauri wake wa tarehe 19 Julai 2024 kuhusu maeneo ya Palestina, ilisema kinachoamua kama eneo bado limekaliwa si kuwapo kwa askari wakati wote bali kama mamlaka yaliwekwa na yanaweza kutekelezwa, na kwamba wajibu wa Israel kwa Gaza baada ya kuondoa askari wake 2005 uliendana na kiwango cha udhibiti iliobaki nacho. Kipimo hicho kingetumika kwa Kisangani ya 1999, sina hakika kama jibu lingekuwa lile lile.

Kilichofanya kazi vizuri ni tume ya Uganda yenyewe, kwa faida ya upande wa pili. Wapo wanaosema funzo kwa serikali ni kutounda tume kamwe. Naliona jambo hilo kinyume chake: bila ripoti ile, Mahakama ingebaki na magazeti na ripoti za mashirika, na ukweli wa Ituri ungekuwa mwembamba zaidi kwa kila mtu, Waganda wakiwemo.

Kugeuza mzigo wa uthibitisho ndiko naona kuwa urithi mkubwa wa kesi hii, ingawa hakukuongeza fedha kama wengi walivyotarajia. Wakili wa kesi ijayo anajua sasa kwamba kuthibitisha ukaliaji mapema kunamrahisishia kila kinachofuata.

Mahakama nyingine, ile ya Kimataifa ya Jinai, iliyumba juu ya Ituri hiyo hiyo. Katika kesi ya kiongozi wa kundi moja la Bunia aliyeshtakiwa kuandikisha watoto jeshini, majaji wa hatua ya awali mwaka 2007 walisema vita vilikuwa vya kimataifa hadi 2 Juni 2003 kwa sababu Uganda ilikuwa mkaliaji. Majaji waliomhukumu mwaka 2012 wakasema vita vya kundi lake na makundi mengine vilikuwa vya ndani, ukaliaji au si ukaliaji. Hakuna mgongano hapo ukiangalia kwa makini: ardhi moja inaweza kubeba vita viwili kwa wakati mmoja, kimoja cha dola na dola, kingine cha vikundi. Mwanafunzi anayelielewa hilo mara ya kwanza nampa alama zote.

Ituri ikawa mkoa kamili mwaka 2015, safari hii kwa sheria ya Kongo yenyewe.

Na barua? Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na mwezi uliofuata wakamtangaza gavana wao wa Kivu Kaskazini. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kwamba maelfu ya askari wa Rwanda wanapigana pamoja nao. Kigali inakana. Mlango wa The Hague ulifungwa 2006, hivyo Kongo imeipeleka Rwanda kwenye Mahakama ya Afrika mjini Arusha, ambako pande zote mbili zilisikilizwa Februari 2025. Safari hii hakuna jenerali wa nchi ya kigeni aliyetia saini uteuzi wa gavana. Waliomtangaza ni waasi wenyewe, kwa jina lao.